Zoezi la Kupokea Neema

Wananchi wa Kariakoo, Gerezani na vitongoji vyake walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Land Rover, kwamba neema ilikuwa njiani. Siku yake haikutajwa, wala inakotokea. Kilichotajwa ni kwamba uchunguzi wa kitaalamu umebaini jambo zito: wananchi walikuwa wamesahau namna ya kuipokea. Sukari ikiletwa dukani, walisukumana. Sabuni ikiletwa, walivunja kaunta. Tatizo basi halikuwa uhaba wa bidhaa, kama walivyodai watu wenye fikra finyu, bali uhaba wa mazoezi. Na kwa kuwa Serikali ni sikivu, Idara ya Mazoezi ya Umma ilikuwa imeandaa zoezi.

"Kila kaya itoe mtu mmoja," Land Rover ilisema ikikata kona ya Msimbazi. "Aje na kikapu. Kikapu kiwe kitupu."

Sharti hilo la mwisho halikumsumbua mtu.

Mtunzi wa zoezi alikuwa Hyasinta, binti wa Kingoni kutoka Peramiho, aliyekuwa amepanga chumba Gerezani. Kabla ya kuingia Idarani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Magomeni, na siku za Jumamosi aliwachezesha wanafunzi wake mchezo aliouita kuishi. Haukuwa mchezo wa jukwaani. Hapakuwa na watazamaji wala maneno ya kukariri. Kila mtoto alipewa kikaratasi cha kumweleza amekuwa nani na anataka nini. Wewe ni hakimu, unataka kesi iishe uende kula. Wewe ni mwizi wa kuku, unataka hakimu akuonee huruma. Wewe ni mwenye kuku, unamtaka kuku wako na si kitu kingine. Kuanzia hapo walijiendea wenyewe, uwanja mzima ukageuka mji, mpaka filimbi ilipopigwa. Hyasinta alikuwa na kanuni moja tu ya utunzi: kila mtu atake kitu, na kitu hicho kiwe mikononi mwa mwenzake. Ukishafanya hivyo, alikuwa akisema, mtunzi unaweza kwenda kunywa chai.

Mtoto mmoja aliyepewa nafasi ya bwana shamba alirudi nayo nyumbani. Kwa wiki nzima aliikagua bustani ya mama yake, akaukataa mchicha wote kwa maelezo ya kitaalamu. Baba wa mtoto huyo alikuwa Ndugu Elisaria, Mkurugenzi wa Idara, na badala ya kumchapa alimfuata mwalimu.

"Mwalimu," alimwambia, "wewe unadhani hiki ni kichezo. Hiki ni chombo."

Hivyo Hyasinta akapata meza, taipureta, na cheo cha Mtunzi na Mwendeshaji wa Michezo ya Kuishi, Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili yalikuwa bado yanatafutiwa watu.

Ndugu Elisaria alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kaunda suti ya kijivu na kalamu za rangi mbalimbali mfukoni. Hakuwa mwizi, na jambo hilo lilimpa kiburi kikubwa, kwa sababu aliwafahamu wakurugenzi wenzake. Alichopenda yeye si mali. Alipenda taarifa. Taarifa ikitoka mikononi mwake ikiwa na takwimu, jedwali na mhuri, alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Siku ya Zoezi la Kupokea Neema watu walifurika kwenye duka moja la ushirika la Gerezani, lililokuwa halina kitu tangu masika. Pius, karani wa Idara, alipewa nafasi ya muuza duka. Rafu zilipangwa makopo matupu. Mizani ilipanguswa vumbi. Hyasinta aligawa vikaratasi vyake, akapiga filimbi, akarudi nyuma kutazama.

Wa kwanza kufika kaunta alikuwa Mzee Awadhi, fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi.

"Nipe sukari kilo mbili," alisema.

Pius alichota hewa kwa koleo la bati, akaimimina kwenye mizani, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo.

"Hii imeshika maji," Mzee Awadhi alisema.

"Sukari ya leo hii, mzee."

"Mimi naijua sukari. Nipe kutoka gunia lile la nyuma."

Pius alikwenda nyuma, akarudi akiwa amepinda mgongo kwa uzito wa gunia ambalo halikuwapo. Foleni ilipiga makofi. Mama mmoja alinunua sabuni ya kufulia, akainusa, akafumba macho. Bwana mmoja alikataa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, akasema amerudi kwenye sembe, na watu wakamsogezea nafasi kwa heshima. Hakuna aliyesukumwa. Walirudi makwao na vikapu vitupu, wakiongea kwa sauti, kama watu waliotoka harusini. Hyasinta alihisi furaha ya fundi anayeona mlango wake unafunga bila kukwama.

Ndugu Elisaria naye alifurahi, akaandika taarifa. Kwa kuwa taarifa lazima iwe na takwimu, alijumlisha kila kilichouzwa. Sukari pekee ilifika tani mbili. Aliandika kwamba wananchi wa eneo hilo wamepokea na kununua tani mbili za sukari kwa utulivu, nidhamu na mshikamano, akagonga mhuri. Neno "zoezi" lilikuwa juu, kwenye kichwa cha habari, mahali ambapo wakubwa hawana muda wa kusoma.

Matokeo yake yalikuwa ya kimantiki kabisa. Mwezi wa Ramadhani uliponukia, maduka ya Magomeni yalipata sukari, ya Temeke yakapata, ya Gerezani hayakupata. Mzee Awadhi alikwenda kuuliza kwenye ofisi za ugavi. Alijibiwa kwa upole kwamba Gerezani walishapewa tani mbili, tena walipongezwa.

Jioni ile Hyasinta alimkuta mama mwenye nyumba wake, Bi Sabaha, ukumbini, mbele ya sufuria la uji. Bi Sabaha alizaliwa katika nyumba ile ile, na watu wa mtaa walimwamini kwa mambo mawili: vitumbua vyake na mdomo wake usiojua kupindisha neno.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Onja."

Hyasinta alionja. Ulikuwa uji wa pilipili manga, mkali, hauna hata punje ya sukari.

"Huo ndio tutakaofuturia," Bi Sabaha alisema. "Na vitumbua sipiki tena. Nitavipika na nini? Watu wanapita hapa wananiuliza, yule mpangaji wako ndiye aliyetuuzia hewa? Nawaambia ndiye. Siwezi kusema siye."

"Mama, mimi nilitunga mchezo tu."

"Najua. Nilikuwapo. Nilinunua kilo tatu." Bi Sabaha alikoroga uji wake. "Ulikuwa mzuri, mwanangu. Ndiyo ubaya wake."

Hyasinta hakula usiku ule. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akamweleza kwamba taarifa imekula sukari ya watu, na kwamba dawa yake ni barua fupi ya kusahihisha.

Ndugu Elisaria alimsikiliza kwa masikitiko.

"Ndugu Hyasinta, taarifa haisahihishwi. Taarifa ikishapanda, imepanda. Nikisema leo kwamba haikuuzwa sukari, nitakuwa nasema Idara ilidanganya. Idara haidanganyi. Kwa hiyo sukari iliuzwa."

"Lakini watu hawana sukari."

"Hilo ni suala la matumizi. Pengine wanakunywa chai kupita kiasi." Kisha uso wake ukang'aa, akavuta kiti. "Tuzungumze mambo ya maendeleo. Kamishna wa Ugavi anakuja kututembelea. Amevutiwa na ile taarifa. Nataka zoezi jipya, kubwa zaidi. Zoezi la Kubadilishana Nafasi. Wananchi wataingia ofisini wawe watumishi, na sisi watumishi tuwe wananchi. Mimi mwenyewe nitakuwa kabwela."

"Wewe, Ndugu Mkurugenzi?"

"Kabwela kabisa. Nitavaa kandambili. Kamishna anikute kwenye foleni, nikihudumiwa upesi, nikitoka na tabasamu. Mpiga picha atakuwapo." Alifikiri kidogo. "Na tusifanye utani. Meza ziwe zile zile, mihuri ile ile. Zoezi bila mhuri ni upuuzi. Na uamuzi wowote utakaopita ndani ya zoezi uhesabike kuwa kazi ya Idara, ili tusipoteze takwimu. Filimbi atakaa nayo anayeigiza Mkurugenzi, maana haiwezekani Mkurugenzi akapigiwa filimbi na mtu wa Daraja la Tatu. Andika hivyo, nitie sahihi."

Hyasinta aliandika hivyo, na Mkurugenzi akatia sahihi.

Kisha akakaa na vikaratasi vyake, na hapo ndipo alipopata shida ya kweli. Angeweza kumwandikia mtu maneno ya kusema mbele ya Kamishna, lakini kumwekea mchezaji maneno mdomoni ni kuua mchezo, na Hyasinta hakuwahi kufanya hivyo hata kwa watoto. Isitoshe, alikuwa na hofu. Siku zile mtu aliyeingilia mambo ya sukari aliweza kuitwa mhujumu uchumi kabla ya adhuhuri. Alirarua karatasi nyingi. Mwishowe akarudi kwenye kanuni yake: nani anataka nini, na kiko kwa nani?

Kikaratasi cha Mkurugenzi kilitoka hivi: Wewe ni Elisaria, mkazi wa Gerezani. Mkeo amejifungua. Unataka sukari kilo mbili za uji wa mzazi. Ndugu Elisaria alikisoma akakisifu kwa kuwa kina utu.

Cha Bi Sabaha, Hyasinta alikwenda kumsomea nyumbani, kwa kuwa Bi Sabaha alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tu, alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni.

"Wewe ni Mkurugenzi wa Idara," alisoma. "Unataka mgeni wako aondoke akiwa ameelewa hali ilivyo."

"Basi?"

"Basi."

"Mbona kazi ndogo," Bi Sabaha alisema. "Kwa nini wanalipwa?"

Siku ilipofika, Bi Sabaha aliingia ofisi kuu akiwa na kanga zake na filimbi shingoni. Alisogeza simu pembeni, akaweka birika la chai mahali pake, akajaribu kiti, akakiona kinazunguka, akakiagiza kiondolewe na kuletewa cha kawaida. Mzee Awadhi alikaa mapokezi. Pius na makarani wenzake walipangwa foleni kwenye korido pamoja na wananchi wengine, na nyuma yao, akiwa na kandambili mpya kabisa, alisimama Ndugu Elisaria.

Filimbi ilipigwa. Ndugu Elisaria, kwa mazoea, alipita pembeni mwa foleni na kwenda mbele.

"Ndugu," Mzee Awadhi alimwambia bila kuinua macho, "hawa wote unaowaona walizaliwa wamesimama?"

Alirudi nyuma, akicheka kidogo ili ionekane kwamba ni mchezo. Zamu yake ilipofika mgongo ulikuwa unamuuma, na mpiga picha alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa.

"Nataka sukari kilo mbili," alisema. "Mke wangu amejifungua."

"Hongera. Barua ya balozi iko wapi?"

"Balozi si ndiye wewe?"

"Hapa mimi ni mapokezi. Balozi yuko nyumbani kwake, na hayupo."

"Sasa itakuwaje?"

"Njoo kesho."

"Lakini mzee, hebu tazama..."

"Au andika maelezo. Andika kwa nini mkeo amejifungua mwezi huu ambao Gerezani imeshapata mgao wake."

Ndugu Elisaria aligeuka. Akaangaza macho kumtafuta Hyasinta, naye alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

Ni wakati huo ambapo Kamishna wa Ugavi, Ndugu Melkiori, alipanda ngazi peke yake. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye viatu vilivyokanyagwa visigino, na hakuna aliyemtambua kwa kuwa hakufuatana na mtu. Mzee Awadhi alimwuliza shida yake.

"Nimekuja kumwona Mkurugenzi."

"Pita. Yeye hana makuu."

Hyasinta alimfuata kwa nyuma, akasimama mlangoni.

"Karibu, baba," Bi Sabaha alisema. "Kaa. Chai ipo, ila ni ya mkandaa, haina maziwa wala sukari, tutakunywa hivyo hivyo."

Kamishna alikaa. Alitazama kanga, alitazama filimbi, alitazama birika.

"Wewe ndiye Mkurugenzi?"

"Ndivyo nilivyoandikiwa."

"Mimi ni Melkiori, wa Ugavi. Nilisoma taarifa yenu ya sukari. Tani mbili kwa siku moja, bila ugomvi. Sehemu nyingine watu wananitoa roho. Nimekuja kujua mlifanyaje."

"Ilikuwa rahisi," Bi Sabaha alisema. "Sukari haikuwapo."

"Haikuwapo?"

"Tulicheza. Pius alipima hewa, nasi tukanunua hewa. Mimi nilichukua kilo tatu. Halafu hapa Idarani wakaijumlisha hewa ile wakakuletea, na wewe ukatukata mgao wetu wa kweli. Hali ndivyo ilivyo, baba. Kunywa chai."

Kamishna alikunywa. Uso ulimkunjamana kwa ukavu wa ile chai, au kwa jambo jingine.

"Unaweza kunipa hayo kwa maandishi?"

"Nina mhuri," Bi Sabaha alisema. Hyasinta aliitwa apige chapa. Akapiga, kwa vidole vilivyokuwa vinakosea herufi, kwamba taarifa ya awali ilihusu mchezo na kwamba Gerezani haikupokea sukari yoyote. Bi Sabaha akaandika jina lake kuanzia kulia kwenda kushoto, polepole, kwa hati nzuri, na kuligonga mhuri wa Idara.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ndugu Elisaria alikuwa amepata habari kwamba mgeni yuko ndani.

"Ndugu Kamishna, samahani sana. Mimi ndiye Mkurugenzi."

"Kila aliyekosa sukari leo anasema hivyo," Mzee Awadhi alisema nyuma yake, akimshika mkono kwa adabu. "Twende, ndugu yangu, usimsumbue mgeni."

"Niache. Huyu mama ni muuza vitumbua. Hiyo karatasi haina nguvu."

Kamishna aliikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni.

"Tusaidiane," alisema. "Kama wewe ndiye Mkurugenzi, basi taarifa ya kwanza ni yako, na karatasi hii ni ya uongo."

"Sawasawa."

"Basi tani mbili zilifika kweli."

"Zili..." Ndugu Elisaria alisita.

"Maana kama zilifika, na Gerezani nzima inakunywa chai hii niliyokunywa mimi, nitalazimika kuuliza zilikwenda wapi. Na nitamwuliza Mkurugenzi. Kuna vijana wangu chini kwenye gari ambao kazi yao ni kuuliza swali hilo tu."

Kutoka nje ilisikika nyundo ya mafundi bati. Hyasinta alimtazama mtu yule aliyekuwa amemtoa shuleni akampa meza, akamwonea huruma ambayo hakuitarajia. Alikuwa amesimama na kandambili zake, na usoni alikuwa anapiga hesabu ngumu kuliko zote alizowahi kujumlisha. Mkurugenzi alikuwa ama mwongo ama mhujumu. Kabwela hakuwa kitu.

"Mimi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "ni Elisaria, mkazi wa Gerezani. Mke wangu amejifungua. Nataka sukari kilo mbili."

"Hapo sawa," Kamishna alisema. "Utaipata dukani, na wenzako. Mama Mkurugenzi, nimeelewa hali."

Alipokuwa anashuka ngazi alisimama karibu na Hyasinta.

"Wewe ndiye uliyetunga?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi uliniandikia nini?"

"Sikukuandikia kitu."

"Hm," alisema, na kushuka.

Bi Sabaha alikaa kidogo, akasema kazi ya kukaa inaumiza kiuno, akapiga filimbi na kwenda kuanika mchele wake wa vitumbua.

Wizara ilijadili suala hilo kwa uzito unaostahili. Karatasi yenye hati ya Kiarabu ilikuwa na mhuri halali, na zoezi lilikuwa na sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe, kwa hiyo uamuzi uliopita ndani yake ulikuwa kazi ya Idara na haukuweza kutenguliwa. Ndugu Elisaria alipongezwa kwa moyo wake wa kujitoa. Ikaonekana kwamba nafasi ya kabwela ni ya utafiti, na utafiti haufanywi kwa siku moja, hivyo akaombwa aendelee nayo mpaka atakapoarifiwa. Hyasinta aliomba kurudi Magomeni kufundisha, akakubaliwa bila maswali.

Sukari ilifika Gerezani siku chache kabla ya mfungo. Foleni ilianzia dukani ikapinda mpaka kwenye karakana ya mafundi bati, na haikuwa na utulivu wala mshikamano. Watu walisukumana, kikapu kimoja kilipasuliwa, mtu mmoja alikanyagwa kidole. Hyasinta alikuwa katikati na kikapu cha Bi Sabaha. Mbele yake alisimama Ndugu Elisaria, kandambili zikiwa zimeanza kulika upande mmoja. Alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alipigwa kiwiko, akajikunyata, akamgeukia Mzee Awadhi aliyekuwa mbele yake.

"Mzee wangu, kwani inakuwaga hivi kila siku?"

Mzee Awadhi alifikiri, maana lilikuwa swali la haki.

"Hapana," alisema. "Leo afadhali. Leo sukari ipo."